Ufunguo wa Karakana Uko kwa Nani?

Na Mwanachama, Kidato cha 3

Namshukuru Mhariri kwa kunikatia nafasi katika gazeti letu la chama, maana mwaka huu kurasa ni chache na waandishi ni wengi kama siafu. Sikuja kutega vitendawili wala kusimulia visa vya Sungura na Fisi. Kazi hiyo nimewaachia mabingwa wa kurasa za mbele. Mimi nimekuja na malalamiko kidogo na ushauri mwingi, na naomba nisikizwe hadi mwisho kabla sijaitwa ofisini.

Jambo lenyewe ni ujenzi. Nyote mmeiona ile ramani iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na ofisi ya karani. Inaonyesha jengo la ghorofa mbili lenye vioo mbele, lango jipya lenye upinde, maegesho ya magari yaliyotandazwa kabro, na katika ghorofa ya kwanza chumba kikubwa kilichoandikwa "Kituo cha Ubunifu". Wazazi walionyeshwa ramani hiyo katika mkutano wa muhula wa kwanza, wakapiga makofi hadi bwalo likatetemeka. Tuliambiwa kwamba shule yetu inakarabatiwa ili iwe shule ya kujifunza kwa vitendo, kama mtaala mpya unavyotaka. Nami nasema hewaa! Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: bodi yetu haijakaa bure. Shule ya kibinafsi haina haja ya kungoja mgao wa serikali. Ikiamua kujenga, hujenga. Lakini kabla lori la kwanza la mawe halijamwaga mzigo, naomba kuuliza swali moja dogo. Ile karakana ya zamani iliyo nyuma ya jikoni, ufunguo wake uko kwa nani?

Ndugu zangu wa Gredi ya 10, mliotufikia Januari 2026, huenda hata hamjui kwamba shule hii ina karakana. Mnapita kando yake kila siku mkienda kula, mkidhani ni stoo ya makaa. Hebu siku moja simameni pale dirishani, futeni vumbi la kioo kwa kiwiko, mchungulie. Mtaona meza sita za useremala za mbao nzito, kila moja ikiwa na jiriwa mbili za chuma. Ukutani kuna ubao uliochorwa vivuli vya vifaa: hapa msumeno, hapa randa, hapa patasi, hapa nyundo. Kifaa kikirudishwa kinakaa juu ya kivuli chake, kisiporudishwa pengo linamshtaki aliyekichukua. Siku hizi vivuli vingi havina wenyewe. Na juu ya meza zile pamerundikwa madawati yaliyovunjika, magodoro makuukuu, mavazi ya tamasha la drama na jenereta ambayo haijanguruma tangu nije shule hii. Yaani madawati yaliyovunjika yamelala juu ya meza za kutengenezea madawati! Kisha kila mwaka lori linaleta madawati mapya kutoka mjini, na bei yake inaingia kwenye karo ya mzazi. Jamani, kama hiki si kichekesho, basi sijui kichekesho ni nini.

Karakana kama hii hazikuota kama uyoga. Mwaka wa 1981 jopo lililoongozwa na Colin Mackay kutoka Kanada lilipendekeza mfumo mpya wa elimu, na Januari 1985 nchi yetu ikaingia 8-4-4. Shabaha ilikuwa mwanafunzi akimaliza shule aweze kujitegemea, asiwe mtu wa kuzunguka mjini na bahasha ya kaki kwapani akitafuta kazi ya karani. Shule zikaambiwa zijenge karakana na vyumba vya sayansi kimu, wazazi wakachanga kwa harambee, na kuta zikasimama kote nchini. Wazee wetu walijitolea, hilo nalisema waziwazi. Baadaye kukawaje? Vifaa havikufika kwa wingi uliotakiwa. Walimu waliofunzwa masomo hayo walikuwa wachache. Masomo ya mtihani yakawa mengi hata mwanafunzi akageuka punda wa mizigo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yalipopunguzwa, yale ya mikono katika shule za msingi yaliachwa nje ya mtihani wa KCPE, na kitu kisichotahiniwa Kenya hii, mnajua wenyewe, hukaa mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Katika shule za upili, useremala, ufuaji wa vyuma na ujenzi vikabaki kuwa vya shule chache. Karakana nyingi zikawa stoo, na yetu ikawemo.

Sasa tazameni vizuri kilichoshindwa pale. Si kuta zilizoshindwa, kwa maana kuta za karakana yetu hadi leo hazina ufa mkubwa. Kilichokosekana ni vitu ambavyo havionekani kwenye ramani: mwalimu anayejua kushika randa, kipindi kwenye ratiba ambacho hakinyang'anywi na hisabati, mbao za kufanyia mazoezi, na ruhusa ya mwanafunzi kuingia. Kwa hiyo ninapoiona ramani mpya yenye vioo, na sioni popote palipoandikwa nani atafundisha humo, siku gani, kwa vifaa gani, roho yangu inaruka. Tusije tukajenga stoo nyingine, tofauti ikiwa tu kwamba hii itakuwa na vioo na mtu ataweza kuyaona magodoro kutoka barabarani.

Hapa kuna watakaosema, "Wewe wa Kidato cha 3, haya yanakuhusu nini?" Yananihusu sana. Sisi ndio mkia wa 8-4-4. Darasa letu ndilo litakalofanya KCSE ya mwisho ya mfumo huu mwaka wa 2027, na nyuma yetu hakuna Kidato cha 2 wala cha 1, kuna pengo, kisha mko nyinyi wa Gredi ya 10. Tunalala bweni moja na nyinyi lakini tunasoma mitaala miwili. Nyinyi mmechagua mikondo: wapo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, wapo wa sayansi za jamii, wapo wa sanaa na michezo. Mmeambiwa mtajifunza kwa kutenda. Basi mbona nikipita madarasani mwenu saa nne asubuhi nawaona mmepangwa safu safu, mnakopi maandishi ubaoni jinsi ndugu zenu walivyokopi? Wa uhandisi anachora bisibisi kwenye daftari. Anaichora vizuri, ameipigia mstari na rula, ameandika jina la kila sehemu. Lakini mpe bisibisi yenyewe afungue soketi iliyolegea pale bwenini, uone kama hatatafuta mlinzi.

Nasi wa KCSE tunajua ladha ya jambo hili. Fizikia, kemia na biolojia kila moja ina karatasi ya tatu, ile ya vitendo maabarani. Shuleni kwetu maabara huwa kimya hadi Kidato cha 4, halafu muhula wa pili ukianza kila mtu anakimbilia huko, tunafunzwa kushika bureti na pipeti kama watu wanaofunzwa kuogelea wakati mashua imeshaanza kuzama. Kemikali zinaletwa kwa wingi, mabomba yanakarabatiwa kwa haraka, na mtihani ukiisha kufuli linarudi. Tena maabara zenyewe ni nzuri. Bodi ilizipaka rangi mwaka jana!

Kuna jambo lingine ambalo ramani haiwezi kulitibu, nalo linaniuma kuliko yote. Katika shule yetu kazi ya mikono ni adhabu. Ukichelewa gwaride, unapewa fyekeo. Ukipatikana ukizungumza baada ya kengele ya prepu, unapelekwa kung'oa kisiki. Ukikosa kufanya zoezi la Kiingereza, unasafisha zizi la ng'ombe. Sasa mwanafunzi akikutwa shambani, swali la kwanza analoulizwa na wenzake ni, "Umefanya kosa gani?" Hakuna anayemuuliza amepanda nini. Halafu kesho mwalimu wa kilimo anaingia darasani kutuambia kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Uti wa mgongo gani huu wa kupigiwa watu? Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka wa 1967 kule Tanzania, alitaka shule ziwe na mashamba au karakana, na alitaka pia wanafunzi washirikishwe katika kupanga na kuamua kazi hizo. Hilo la pili ni rahisi kulisahau. Mtu akiamua mwenyewe apande sukumawiki mstari huu na spinachi mstari ule, akapima, akauza, akaona hasara au faida, huyo anajifunza. Akisukumwa na fimbo, anajifunza kukimbia. Bwana Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote, naomba adhabu itafutiwe mahali pengine. Marekebisho haya hayahitaji saruji hata mfuko mmoja, na yanaweza kuanza Jumatatu.

Sasa, isionekane kwamba napinga ujenzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na shule yetu nyufa inazo. Ninachosema ni kwamba ujenzi wenyewe ndio somo kubwa kuliko yote, na tunakaribia kulifungia nje ya ua la mabati lenye kibao cha "Hakuna Ruhusa Kuingia".

Muhula uliopita fundi mmoja alikuja kujenga kibanda kipya cha mlinzi. Sisi tulikuwa tumetoka darasani, ubao umejaa nadharia ya Pythagoras, a na b na c zimetupiga chenga. Tukamkuta fundi na kijana wake wameshika kamba. Akapima futi 3 upande mmoja kutoka kwenye kigingi cha pembeni, futi 4 upande wa pili, kisha akavuta kati ya alama hizo mbili hadi ikawa futi 5 barabara. "Hapo sasa," akasema, "kona imekaa." Tukatazamana. Yule mzee hajawahi kutaja jina la Pythagoras maishani mwake, lakini mraba wa 3 ukijumlishwa na mraba wa 4 unapata mraba wa 5, na kona ya kibanda ikatoka nyuzi 90. Tulisimama pale dakika kama 10, tukaelewa kilichotushinda wiki nzima. Kisha kiranja akaja akatufukuza ati tunapoteza wakati wa kujisomea.

Hebu fikirieni basi kama ukarabati wote ungefanywa vile. Jengo la utawala lina ngazi tatu mlangoni, kila moja sentimita 15. Mtu mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuingia kumwona Mwalimu Mkuu ila abebwe kama gunia. Mteremko unaofaa kwa kiti hicho ni wa 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu ni sentimita 45, kwa hiyo mteremko wetu utakuwa wa mita 5 na sentimita 40, na pembe yake haifiki nyuzi 5. Hiyo ni trigonometria nzima! Wape Gredi ya 10 utepe wa kupimia, wachore, waweke vigingi, wabishane kama utapinda au utanyooka, kisha mkandarasi amwage zege. Kila watakapopita hapo watajua ni wao waliopima.

Au tuchukue paa la bwalo. Tuliambiwa mwaka jana tuoge kwa kikombe kwa sababu kisima kimepungua, na wiki iyo hiyo mvua ikanyesha usiku kucha, maji yakateremka kutoka bwaloni yakichimba mtaro hadi uwanjani. Bwalo lina urefu wa mita 30 na upana wa mita 10, basi eneo la paa si chini ya mita mraba 300. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Ikinyesha milimita 40 kwa usiku mmoja, ni lita 12,000. Toa hata sehemu moja kwa tano kwa yanayomwagika na yale ya kwanza ya kuosha vumbi, unabaki na lita 9,600, yaani karibu ujaze tangi la lita 10,000. Kwa usiku mmoja! Kinachohitajika ni mifereji ya bati, mabomba na tangi lililowekwa juu ya msingi imara. Jiografia ipo hapo, hisabati ipo, fizikia ya shinikizo ipo, na maji ya kuoga yapo pia, nikisema kweli hayo ndiyo ninayoyataka zaidi.

Kemia nayo imo ndani ya mfuko wa saruji. Wengi wetu tunadhani saruji hukauka kama nguo kwenye kamba. La hasha. Saruji hushikana kwa sababu imeungana na maji, ni mmenyuko wa kikemikali, na ndiyo maana fundi hodari humwagia zege maji siku nyingi baada ya kulitandaza, na mainjinia huzoea kupima nguvu yake siku ya 28. Vilevile kuna matofali ya udongo unaochanganywa na saruji kidogo, kiasi cha asilimia 5 hadi 10, na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, kwa hiyo hayamalizi kuni. Yanafunikwa na kunyunyiziwa maji wiki kadhaa hadi yakomae. Udongo wa nyuma ya uwanja wetu unafaa au haufai? Hilo ni swali la kuchunguza, na kuna njia rahisi: udongo kwenye chupa ya maji, utikise, uache utulie, uone mchanga umekaa kiasi gani na mfinyanzi kiasi gani. Darasa zima linaweza kufanya hivyo kwa chupa kuukuu za soda.

Lakini hapa nataka nieleweke vizuri kabisa, maana najua kuna wajanja watakaoshangilia. Sisemi wanafunzi wageuzwe vibarua. Kubeba mawe ili bodi isilipe mjenzi si elimu, na kumpandisha mtoto wa watu juu ya paa ni kumtafutia kaburi. Somo likiisha, na bado unaambiwa ubebe matofali 50 zaidi, hapo si somo tena. Mipaka iwekwe na iandikwe: nani anaingia eneo la ujenzi, na mwalimu yupi, amevaa nini kichwani na miguuni, na mwisho saa ngapi.

Na kwa kuwa nimetaja usalama, naomba karakana ikifunguliwa, kitu cha kwanza kitakachokarabatiwa kiwe milango. Ina mlango mmoja, nao unafunguka kwa ndani. Madirisha yana vyuma. Ndani kutakuwa na mbao, rangi, gundi na umeme. Wakenya tumezika watoto wengi kwa sababu ya moto: Machi 2001 wanafunzi 67 waliangamia katika bweni la Kyanguli kule Machakos, na Septemba 2024 watoto 21 wa Hillside Endarasha kule Nyeri. Mwongozo wa usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 ulisema milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasizibwe kwa vyuma. Kama ni kwa mabweni, kwa karakana pia ni busara iyo hiyo. Mlango wa pili una thamani kuliko upinde wa lango. Wageni wakija na kukuta lango la kawaida, hakuna atakayekufa.

Wazazi wetu nao wana neno lao, tena si la kupuuzwa. Mzazi anayelipa karo ya shule ya kibinafsi anataka alama. Amesikia ya shamba na karakana tangu enzi zake, na pengine yeye mwenyewe alilipishwa ubao na gundi katika 8-4-4, akatengeneza kibao cha kukalia ambacho mguu mmoja ulikuwa mfupi, na hakikumsaidia kupata kazi. Namwelewa. Atasema, "Sikumleta mwanangu hapa awe fundi wa jua kali." Hapo ndipo ninapomwomba mzazi wangu tuzungumze pole pole. Sanduku la bati nililokuja nalo shuleni, tulilinunua Kamukunji, Nairobi, mahali ambapo wafuaji bati wanagonga tangu asubuhi hadi jioni. Jiko la makaa lililo nyumbani, lile lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, lilipatikana miaka ya 1980 kwa sababu wataalamu, watumiaji na mafundi wa jua kali walikaa pamoja wakaliiga jiko la Thailand na kulibadilisha likafaa upishi wetu. Mainjinia peke yao wasingeliweza, na mafundi peke yao vilevile. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Daktari wa upasuaji anatumia mikono. Rubani anatumia mikono. Hata hakimu, mfereji wa nyumbani kwake ukipasuka usiku wa manane, atatamani angejua valvu iko wapi.

Tena alama zenyewe haziogopi karakana. Mimi sina takwimu za kuwapa, nina kona ya kile kibanda cha mlinzi tu. Waliokuwa pale wanajua.

Swali la walimu ni gumu kidogo. Mwalimu wetu wa fizikia ana vipindi vingi hadi sauti imekauka; hatuwezi kumwongezea useremala. Lakini shule ya kibinafsi huajiri watu wake yenyewe, haingoji Tume ya Huduma kwa Walimu imtume mtu. Pesa za ule upinde zingeweza kumlipa mkufunzi mmoja aliyehitimu chuo cha ufundi, na msaidizi wake akawa fundi wetu wa shule, yule ambaye kila siku anazibua mabomba na kufunga bawaba, nasi tunampita bila hata kumwamkia "shikamoo". Mtu huyu anajua shule hii kuliko ramani. Anajua bomba kuu linapita wapi, ukuta upi una unyevu na kwa nini. Mpishi mkuu naye anajua kuni zinazoingia jikoni kila wiki, na hakuna mwanafunzi wa hisabati aliyewahi kumwuliza. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wetu hatuvukuti wala hatusani, tunangoja kengele ya chakula.

Kuhusu kompyuta za Kituo cha Ubunifu sina mengi. Zije. Ila zisifungiwe chumbani mwao na kufunikwa vitambaa kama maiti.

Wengine wataniambia ati shule bila jengo zuri haivutii wanafunzi wapya, na bila wanafunzi wapya shule ya kibinafsi hufunga milango. Kuna ukweli humo. Lakini Starehe ilipoanzishwa Nairobi mwaka wa 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ilianza kwa vibanda viwili vya mabati, na ikaja kuwa miongoni mwa shule zinazotamaniwa sana nchini. Watu hawakuvutwa na mabati. Walivutwa na walichosikia kuhusu vijana waliotoka humo.

Ramani, naambiwa, itapitishwa katika mkutano wa wazazi wa muhula wa tatu. Kwa hiyo wakati upo, ingawa si mwingi. Ninavyoona mimi, jengo la vioo linaweza kungoja mwaka mmoja bila mtu kuumia. Karakana isakafiwe upya, ipate mlango wa pili, madirisha yafunguke, umeme ukaguliwe na mtu mwenye leseni, jiriwa zitiwe mafuta. Madawati yaliyo juu ya meza yawe kazi ya kwanza ya wanafunzi: kila kundi la watu wanne lirekebishe dawati moja, na dawati likirudi darasani liandikwe chini yake majina ya waliolitengeneza. Ratiba ipewe vipindi viwili mfululizo kwa wiki, si kimoja, maana dakika 40 zinaisha mtu akiwa bado anatafuta penseli. Na wawakilishi wawili wa wanafunzi, mmoja wa Kidato cha 3 na mmoja wa Gredi ya 10, waketi na kamati ya ujenzi, hata kama ni kusikiliza tu mwanzoni.

Mwalimu mlezi wa chama chetu amekubali kuipeleka barua yetu ofisini. Ndani yake tumeomba Jumamosi moja, kuanzia saa tatu hadi saa sita, tufunguliwe karakana tukiwa naye na fundi wa shule, tuhesabu vifaa vilivyobaki na tuandike vinavyoweza kunolewa, vinavyohitaji mpini na vilivyokufa kabisa. Daftari la kuorodhesha tayari tumelinunua kwa pesa za chama. Bwana stoo anasema ufunguo anao yeye, uko kwenye msumari nyuma ya mlango wake, na anangoja tu apewe amri.